Titi Langu la Maharagwe Liliota

Kwa Daktari Manjit, mpasuaji, Bungoma.

Pokea salamu kutoka Matisi, Kitale. Kansa uliitoa yote pamoja na titi la kulia, Mungu akuongezee siku. Lakini hii habari ya kunijengea lingine Jumanne imeniudhi, na naeleza kwa adabu.

1. Uliniuliza nataka saizi gani. Daktari, mimi sichagui viatu vya mitumba.

2. Ati utakata nyama ya tumbo uilete juu. Hiyo tumbo imebeba watoto watano, leo unaipa uhamisho kama mwalimu wa serikali? Na ukasema nikinenepa, titi nalo litanenepa. Si Krismasi nikila chapati wakwe wataona upande mmoja ukifura!

3. Chuchu. Ati unakunja ngozi, ama unachora na wino. Kanisa letu limekataza kujichora. Wakitaka kunifukuza, itabidi wazee wakae kamati, wahakikishe kwanza. Mzee Jotham atajitolea, namjua.

4. Ukasema halitasikia kitu likiguswa. Sasa nikae na titi lisilonijua, bana? Hata ng'ombe wangu ananijua. Mume wangu Kipkosgei anasema alioa mtu, hakuoa matiti. Lakini alisema akiangalia ukuta.

5. Titi ninalo. Nilijaza soksi maharagwe, nikaiweka kwa sidiria. Ni kweli ilinyeshewa tukipanda mahindi, na Jumapili nikiinama kusali, chipukizi ikachungulia kolani. Akina mama walicheka mpaka mahubiri yakasimama. Lakini daktari, langu liliota. Lako la tumbo litaota nini?

Kwa hivyo siji. Kitanda mpe mwingine, na serikali iache mambo ya visu, impe kila mama gorogoro ya maharagwe.

Nisalimie sista Nakhungu, askari wa geti, na yule nyanya wa Kabuchai aliyekuwa akikoroma kitanda cha pili.

Ni mimi niliyekasirika kwa heshima,
Mama Chelagat.

Nyongeza: Kitanda usimpe mtu. Nitafika Jumanne mapema, na blauzi ya kurudi nayo nimeshapiga pasi, ile ya shingo pana. Toa kwa tumbo, toa nyingi. Chuchu iwe ya ngozi, iangalie mbele kama mwenzake. Ni ile dawa yenu ya usingizi tu inayonikosesha usingizi. Nakhungu anishike mkono mpaka nilale. Na wakati wa kuniamsha asiseme "mgonjwa." Aite Chepkemoi, jina langu mwenyewe, aite kwa nguvu. Hiyo nitasikia.