Amplifaya Iliyokosa Kuwekwa Wakfu

Jumatatu, 4 Agosti

Shemeji yangu Niyubahwe, amahoro. Hujambo wewe? Goti limepoa? Watoto, mbuzi, mihogo ya bondeni, wote wazima? Sisi huku Kasulu tuko salama kwa neema ya Bwana, isipokuwa amplifaya. Ulilalamika kwamba kwenye simu naruka-ruka, hujui lipi lilitangulia. Basi nimechukua daftari. Nitaandika kila siku, kisha nitalituma zima huko Munanila. Usimsomee mtu.

Jana ibadani. Wimbo wa pili. Naingia na besi, vidole vimeshapata moto. Kwaa! Kama kunguru aliyekanyagwa. Nikajifanya sijasikia. Kwaa! Mama mmoja akamziba mtoto wake masikio. Mchungaji akaweka kidole katikati ya Biblia, akaifunga, akasubiri.

Baada ya ibada Nestori wa kinanda akaomba kusema neno moja. Akaiambia kamati ya kwaya kwamba kinanda chake kina besi humohumo ndani, anaipiga kwa mkono wa kushoto tu. Na kwamba Jumapili tunaimba Kibondo kwenye sikukuu ya mavuno, na lile basi dogo la Kosta lina viti vichache. Kamati ikaamua: Jumamosi saa nne asubuhi amplifaya ijaribiwe. Ikikwaruza hata mara moja, besi inabaki Kasulu. Na mpigaji anabaki nayo.

Miaka ishirini na miwili, shemeji! Mimi niliyepiga besi siku ya harusi yangu mwenyewe, dada yako akanisubiri mlangoni nimalize ubeti.

Lakini chanzo nimeshakijua. Unakumbuka mwaka ule mchungaji alipoweka vyombo wakfu? Vyombo vyote vilipangwa mbele. Ngoma, kinanda, maikrofoni, gitaa langu, hata waya wa gitaa niliouchomelea risasi mimi mwenyewe kwa mkono wangu. Mchungaji aliushika waya ule, akauombea. Nilitokwa na machozi. Amplifaya ilikuwa bado iko njiani kutoka Kigoma. Ilifika Jumanne, ikachomekwa, ikaanza kazi. Haijaombewa mpaka leo! Chombo kimoja tu hakijaombewa, na ndicho kinachopiga kelele. Haihitaji kusoma sana.

Jumanne, 5 Agosti

Asubuhi kwa mchungaji. Nimemkuta anachagua mbegu za maharage. Nimemweleza yote. Kanisikiliza vizuri, halafu kasema yeye haweki wakfu kitu kibovu, nikitengeneze kwanza. Nikasema ni kibovu kwa sababu hakijawekwa wakfu. Akachagua maharage kama kumi hivi. Kisha akauliza kama nimejaribu waya mwingine.

Nilimhurumia. Ni mtu wa Mungu, umeme si fani yake. Nikamkumbusha kwamba waya ule aliuombea mwenyewe. Akasema anakumbuka.

Mchana nimeifanyia amplifaya uchunguzi wa kina. Nimebadilisha soketi: kwaa. Nimeihamisha kutoka ukutani: kwaa. Nimeipandisha juu ya benchi: kwaa. Halafu nikagundua jambo kubwa. Nikisimama wima bila kutikisika, inaimba safi. Nikicheza kidogo tu, gitaa likiyumba na waya ukiyumba, kwaa. Maana yake ni nini? Sakafu! Sakafu ya kanisa inatikisika na amplifaya inashtuka.

Basi nimepiga nyimbo mbili nikiwa kama nguzo. Dada yako alikuwa amekuja na uji. Amesema nafanana na mtu anayesubiri sindano.

Jumatano, 6 Agosti

Ushindi! Halafu si ushindi. Naandika kwa mpangilio, kama ulivyotaka.

Nimeifunga amplifaya kwenye baiskeli mpaka mjini kwa Bi Siti, yule mwenye duka la vifaa vya umeme, ambaye watu wake wako Tanga. Mama mwenye adabu sana. Ameitazama, kachukua waya mpya kutoka kwenye ndoano ya dukani kwake, kachomeka gitaa langu, kaniambia nipige. Ikanguruma kama simba aliyeshiba! Nikacheza. Safi. Nikaruka. Safi. Wateja wawili wakapiga makofi.

Bi Siti akasema kwa upole, "Baba yangu, amplifaya yako nzima. Mgonjwa ni huo waya uliokuja nao."

Nikacheka moyoni. Mfanyabiashara yeyote mwenye nyaya kwenye ndoano ataona tatizo ni waya. Nikamshukuru, nikamwombea baraka, nikafunga mzigo. Nilikwisha kuelewa. Barabara ya kuja mjini ina makorongo, amplifaya imetikiswa vizuri, kitu kilichokuwa kimehama ndani kimerudi mahali pake. Imejitibu njiani.

Jioni mazoezini. Nimewaambia watu wote wakae vizuri wasikie. Nimechomeka waya wangu. Kwaa!

Nestori hakuinua hata macho kutoka kwenye kinanda. "Kaka Bazilio," akasema, "hiyo yako inaitikia kabla mchungaji hajasema tuombe."

Sauti ya pili yote ikacheka. Mimi nimemsamehe. Nimemsamehe mara tatu tangu jioni na bado inabidi nirudie.

Alhamisi, 7 Agosti

Leo nimemwita Adolphe, fundi kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Huyu si mtu wa mchezo, amepiga gitaa Uvira kwenye bendi mpaka vita vikamtoa. Alikuwa na kibali cha kutoka cha siku moja, akakitumia kwangu. Mtu wa heshima, hata bisibisi anaishika kama kijiko cha wageni.

Kafungua amplifaya. Ndani kumbe kuna maharage! Ghala zima la maharage, karibu sahani moja, panya ameweka akiba yake. Nikapiga kelele ya furaha mpaka dada yako akatoka jikoni. Chanzo kimepatikana! Adolphe akayatoa yote kwa brashi, taratibu. Akachomeka waya wake, akanipa gitaa. Safi! Nikamwambia sasa tuchomeke wangu, tumalize kazi. Akauchomeka. Akaushika karibu na jeki, kile kichwa cha kuchomekea, akautikisa kidogo. Kwaa. Akaacha. Akatikisa tena. Kwaa.

"Papa Bazilio," akasema, "hii waya, ni nani aliitengeneza?"

Nikamwambia ni mimi, kwa mkono wangu, na kwamba umewekwa wakfu. Adolphe akavua kofia.

"Basi, papa," akasema, "tuombe."

Unaona, shemeji? Fundi wa Uvira, na amekubali kwamba hapa ufundi umefika mwisho. Tumeomba. Ameomba kwa Kiswahili cha kwao, kirefu, kizuri, na mara mbili nimesikia jina langu.

Alipoondoka alisimama na dada yako kwenye banda la kuku wakanong'ona. Nadhani habari za mayai. Amesahau waya wake juu ya kiti. Mafundi wote ni wasahaulifu.

Ijumaa, 8 Agosti. Nane Nane

Leo, shemeji, nimepata akili ambayo sijawahi kuwa nayo.

Kila Nane Nane, sikukuu ya wakulima, mchungaji wetu huombea vifaa vya kilimo kwenye uwanja wa kanisa. Watu huleta majembe, mabomba ya kunyunyizia dawa, mapanga, mbegu, hata mashine. Hupangwa mstari mrefu, naye hupita akiweka mkono juu ya kimoja kimoja, macho kafumba. Macho kafumba, shemeji!

Nimeifunika amplifaya kwa gunia. Juu nimelaza majembe mawili. Nimeiweka kati ya pampu ya mzee mmoja wa Titye na gunia la mahindi. Dada yako aliuliza nafanya nini, nikamwambia nashukuru kwa mavuno. Si uongo, mule ndani yalivunwa maharage.

Mchungaji akapita. Jembe, akaomba. Panga, akaomba. Pampu, akaomba. Akafika kwangu. Moyo ulikuwa unanipiga kuliko besi yoyote. Akaweka mkono, akapapasa kona, akapapasa kishikio, akasita. Kisha akasema kwa sauti kubwa, "Na mashine hii ya kukoboa, Bwana, iikoboe kazi iliyo mbele yake bila kusumbua majirani."

Amina! Nilisema amina mpaka watu wakageuka. Nestori alikuwa nyuma yangu na jembe lake. Alikuwa ameinama anatikisika mabega. Nikadhani ameguswa.

Sasa imeombewa. Kama mashine ya kukoboa, ndiyo, lakini Bwana anajua tulichokusudia. Sijaijaribu, umeme umekatika tangu mchana. Nina amani.

Jumamosi, 9 Agosti

Siku ya kesi. Nimeamka na zaburi.

Saa tatu na nusu natafuta waya wangu. Haupo! Si kwenye msumari, si chini ya kitanda, si kwenye mfuko wa gitaa. Namuuliza dada yako. Anakunja khanga, ametulia kabisa, ananiambia gunia la maharage la kuwapelekea wenyeji Kibondo lilikosa kamba, akalifunga na kile kiwaya kilichokuwa kinaning'inia. Na gunia liko wapi? Juu ya Kosta, chini kabisa, magunia mengine yote yameshapangwa juu yake.

Nilikaa kitini. Miaka ishirini na miwili, na besi yangu imefunga maharage. Sikumgombeza, maana hakusoma umeme. Yeye akachukua ule waya wa Adolphe, akaniwekea mapajani. "Baba Editha, wa kuazima nao ni waya," akasema. "Nenda."

Nikaenda. Kamati imekaa kwenye benchi. Nestori kasimama mikono kifuani. Nimechomeka. Nimepiga noti moja. Ikatoka nzito, safi, ikapita chini ya viti vyote. Nimecheza hatua moja. Safi. Mbili. Safi. Nimezunguka, nimeruka, nimepiga magoti na kuinuka bila kushika ukuta. Hakuna kwaa! Mwenyekiti wa kamati akaanza kutikisa kichwa kwa mdundo bila kujijua.

Mchungaji alikuwa mlangoni. Nilimwambia machozi yakinilenga kwamba maombi ya jana yamefanya kazi. Akauliza maombi gani. Nikamwambia ipo siku nitamwambia. Akatazama waya, akamtazama dada yako, akasema Bwana ana njia nyingi.

Ninakwenda Kibondo!

Jumapili, 10 Agosti. Kibondo

Naandika kwenye Kosta tukirudi, herufi zisamehe.

Shemeji, ungekuwepo! Kanisa limejaa mpaka madirishani. Wametupa nyimbo tatu. Nafika mbele, soketi ni mbili tu na zote zina kitu. Moja ni ya maikrofoni, hiyo haiguswi. Nyingine ina kichomeko fulani cheusi, nikakichomoa, nikaweka changu.

Wimbo wa kwanza, Nestori anabonyeza, kinanda hakisemi. Anabonyeza tena. Kimya. Anakigeuza, anakipigapiga mgongoni. Kimya kabisa! Sijui kilipatwa na nini, vyombo vya siku hizi. Kwaya imeanza kuyumba, soprano wananitazama, alto wananitazama. Ni mimi na ngoma tu, na watu ishirini na watano wanaotafuta sauti ya kushika.

Nikaingia. Bati la paa lilitetemeka. Nikawabeba, shemeji, mmoja mmoja, kama mtu anayevusha watoto mto Malagarasi. Kwenye wimbo wa tatu mapadri, wachungaji, wazee na akina mama wote wamesimama. Wakaomba turudie. Tukarudia kiitikio mara nne! Dada yako alikuwa kwenye alto, analia na kucheka pamoja.

Nje, Nestori amenifuata. Nilijiandaa kwa maneno yake. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Kaka," akasema, "leo bila wewe tungeaibika."

Nimemsamehe mara ya nne, na safari hii imeshika. Nimeahidi kumtazamia kinanda chake.

Jumanne, 12 Agosti

Habari ni nyingi, karatasi zinaisha.

Jana kamati imekaa. Kwa kauli moja wamenichagua kuwa msimamizi wa vyombo vyote vya kwaya. Vyote! Nestori mwenyewe ndiye aliyenipendekeza. Dada yako aliposikia akaenda kuangalia kuku.

Nimeanza kazi mara moja. Kwanza, waya wa Adolphe nimeurudisha kambini kwa heshima na mayai kumi. Haufai kukaa na amplifaya iliyoombewa, wenyewe haujaombewa. Pili, waya wangu nimeupata! Dada yako alisema umebaki Kibondo na gunia. Kumbe ulikuwa ndani ya mtungi wa unga, chini. Panya tena, bila shaka. Tatu, nimekichunguza kinanda cha Nestori nikaona kichomeko chake hakina nguvu, nimekikata na kukichomelea upya kwa mkono wangu.

Jioni mazoezi. Amplifaya: kwaa! Kinanda: kimya, kisha moshi kidogo.

Usihuzunike, shemeji. Nimeshaelewa. Mchungaji aliombea kazi "iliyo mbele yake", na mbele yake zilikuwa nyimbo tatu. Tukaimba tatu, tukarudia kiitikio, baraka ikaisha. Kosa lilikuwa kwenye maneno ya ombi tu. Safari nyingine nitaweka kikaratasi juu ya gunia.

Huku Nane Nane imepita, siwezi kusubiri mwaka. Ulisema kwaya yenu Munanila ina amplifaya ambayo haijawahi kukwaruza hata siku moja. Nakuja Jumamosi na yangu, na waya wangu, na risasi ya kuchomelea. Nitaanza na nyaya zenu zote ili ziwe sawa na zangu. Msinilipe chochote.

Nijibu upesi. Huko kwenu majembe yanaombewa lini?

Shemeji yako, Bazilio