Buti za Mchikichini Zilivyonimaliza Gerezani

Leo nimevuliwa nguo mchana kweupe, na kilichonivua ni kiatu. Nawasimulia mwenyewe kabla Salum wa darasani kwetu hajawafikishia ya kwake, maana namjua, saa hizi ameshaanza kuisambaza kwenye magrupu.

Kwa ambao hamjui, nasoma diploma ya usalama na afya mahali pa kazi. Chuo chenyewe kidogo tu, ghorofani, karibu na Mtaa wa Msimbazi. Mimi huyu huyu niliyemaliza kidato cha sita na HKL: Historia, Kiswahili na Kiingereza. Kemia niliachana nayo kidato cha pili, na hatukuagana vizuri. Siku ya kujiandikisha niliuliza mara mbili kama kozi inahitaji sayansi. Yule dada wa usajili akanijibu hapana, ni kuwa makini tu. Nikamwamini. Wiki ya pili tukaingia kwenye mvuke wa sumu na mikondo ya umeme. Nikawa naandika kila kitu kwa mwandiko mzuri ajabu, sielewi hata kimoja. (Madaftari yangu ndiyo yanayoongoza kwa kuazimwa darasani. Wanaoyaazima wanafaulu. Mimi nabaki na madaftari.)

Somo la msingi wa sayansi nimelifanya mara mbili, na mara zote mbili limenitupa nje. Kwa hiyo wiki iliyopita mwalimu wetu, Mwalimu Pazi, akaniita pembeni. Mpole yule mzee, hata akikuangusha anakuangusha taratibu. Akanieleza kwamba imebaki kazi moja ya vitendo. Nikiifanya vizuri, alama zake zitanibeba, na mwezi ujao naenda mafunzo kiwandani na wenzangu. Nikiiharibu, naanza mwaka wa kwanza upya.

Sasa hapo kwenye kuanza upya ndipo alipo shangazi yangu. Shangazi ana duka la vitenge Kariakoo, na ndiye aliyenipokea nilipotoka Rombo. Nimesimama kwenye kaunta yake miaka sita, nimekunja vitenge mpaka nikawa navikunja usingizini. Nilipomwomba niende shule hakunizuia. Aliniambia, "Haika, nenda. Ila ukishindwa, kaunta haijahama." Basi. Toka siku hiyo kila nikishika daftari naisikia ile kaunta ikinisubiri.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Tunaenda karakana moja ya mtaa wa Gerezani, hapa hapa Dar, wanakotengeneza mageti. Kila mwanafunzi anazunguka peke yake na fomu, anaandika hatari anazoziona, anapima kelele za mashine kwa kile kipimio cha chuo, halafu anasimama mbele ya mafundi na kuwaeleza alichokiona. Na kila mtu aje na buti zake za usalama, zile zenye chuma puani.

Buti nilizipata Jumamosi, mnadani Mchikichini. Yule kaka alizichomoa chini kabisa ya rundo, akazipuliza vumbi, akazigeuza nione soli. "Dada, hizi hazijawahi kukanyaga chini. Angalia mwenyewe." Nikaangalia. Kweli, soli safi, nyeusi, haina hata mkwaruzo. Tatizo lilikuwa moja tu, ni namba arobaini na mbili na mimi navaa thelathini na tisa, lakini hilo nililimaliza kwa soksi na vipande vya sponji. Nikapiga picha nikaiposti. Mlizipenda wenyewe! Kuna mmoja wenu aliandika "injinia". Naomba uende ukalifute hilo neno.

Asubuhi tumefika. Karakana ndefu ya mabati, mafundi sita, grainda upande mmoja, mashine ya kukatia vyuma upande wa pili. Kwenye kona ya mwisho kuna mzee mmoja amejibanza na shughuli zake, anatengeneza spika zile kubwa za kwenye harusi. Mzee Mapande, mtu wa Masasi. Nikampa shikamoo, akaniitikia marahaba mwanangu, akarudi kwenye nyaya zake. Sikumtilia maanani. (Hilo lilikuwa kosa la kwanza.)

Ukurasa wa kwanza wa fomu ni wa kujikagua wewe mwenyewe kabla hujamkagua mtu. Kofia ngumu, nikaandika ipo. Miwani, ipo. Viatu, nikaandika "vizuri, imara", nikaweka na sahihi, ile yangu yenye mkia mrefu. Salum, ambaye alisoma PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia, na hachoki kutukumbusha, alikuwa ameinama anazikunjakunja soli zake kwa mkono kama anayenunua samaki. Nikamcheka moyoni.

Nikaanzia kwenye grainda. Fundi akaiwasha peke yake, nikapima, desibeli themanini na tisa. Nikaandika. Wakati nainua kichwa nikaona sakafuni vipande vipande vyeusi, vidogo, vimetapakaa. Jamani, furaha niliyoipata! Hatari ya kwanza hiyo, na Salum kaipita bila kuiona. Nikaandika kwa Kiswahili kilichonyooka: "Sakafu ina mabaki meusi yanayoweza kusababisha kuteleza. Chanzo: usafi duni wa karakana." Nikapigia mstari.

Nikaenda kwenye mashine ya kukatia. Nayo ikawashwa peke yake, ikasoma tisini na mbili. Naangalia chini, mabaki meusi na huku yapo. Nikaona hawa watu ni wachafu kweli. Nikageuka nyuma kutazama yanakotokea. Yalikuwa yamejipanga mstari mmoja, kutoka kwenye grainda hadi nilipo, na yanaishia kwenye visigino vyangu.

Nikanyanyua mguu wa kulia taratibu. Soli ilikuwa inamong'onyoka yenyewe. Siyo kuchanika, siyo kuachia gundi. Inapukutika.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angenyoosha mkono akasema, mwalimu, nina tatizo. Mimi nilifikiria kaunta. Nikafikiria sahihi yangu yenye mkia. Nikaamua kusimama palepale, nimeegemea meza, nisiinue mguu mpaka siku iishe. Sasa kulikuwa kumebaki kipimo kimoja: kusimama katikati ya karakana, mashine zote mbili zikiwa zinanguruma pamoja. Katikati ni kama hatua kumi na mbili. Soli yangu haikuwa na hatua kumi na mbili.

Nikajiuliza, kwani lazima niende? Grainda ni themanini na tisa. Ya kukatia ni tisini na mbili. Zikiwaka pamoja unajumlisha tu, hata shangazi anajua kujumlisha. Nikajaza: mia moja themanini na moja. Na nikajiona nimetumia akili. (Hilo la pili, na ndilo lililonizika.)

Zamu yangu ya kueleza ikafika. Nikaomba kuongea nikiwa palepale nilipo, kwamba hapo wote wananiona vizuri. Mafundi wakakaa juu ya mabomba, Mwalimu Pazi kasimama na kalamu yake. Niseme ukweli, nilianza vizuri. Kuongea ninaweza, hicho ndicho pekee HKL ilichonipa. Nikawapeleka kwenye nyaya zilizochubuka, nikawapeleka kwenye mitungi ya gesi iliyolazwa juani, mafundi wanatikisa vichwa, mwalimu anaandika. Nikajiona nipo kiwandani tayari. Nikafika kwenye kelele, nikapandisha sauti, nikawatangazia kwamba mashine zao mbili zikiwaka pamoja zinatoa desibeli mia moja themanini na moja.

Mwalimu Pazi akaacha kuandika. Salum akaanza kukohoa kikohozi cha uongo.

Mzee Mapande akaweka bisibisi chini. "Mwanangu, hiyo mia na themanini na moja umeipima wapi?"

"Pale katikati, mzee."

(Uongo. Mchana kweupe, kwa mtu aliyeniitikia marahaba.)

Akatafakari kidogo. "Mimi nimeishia darasa la saba, unisamehe. Ila spika nimefunga miaka mingi. Spika moja ikikupa tisini, ukawasha na mwenzake, inapanda tatu tu. Haikupi tisini nyingine. Ingekuwa mia na themanini hapa, haya mabati yangeshafika Jangwani, na sisi tusingekuwepo kukusikiliza."

Mafundi wakacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa ananielekeza kwa nia njema kabisa, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Sasa badala ya kushukuru, mimi nikamjibu kwamba kitaalamu huwa tunajumlisha. Nilitamka hivyo. "Kitaalamu."

Mwalimu Pazi akanitazama kwa huruma yake ile. "Haika, hebu chukua kipimio, nenda kasimame katikati. Washeni zote mbili. Tupime sote."

Nikaangalia zile hatua kumi na mbili. Nikaanza kwenda kwa kuburuza miguu, bila kuinua, kama anayetembea juu ya sakafu aliyoipiga deki mwenyewe. Hatua ya tatu soli ya kushoto ikabaki nyuma nzima nzima. Nikaendelea. Hatua ya tano ya kulia ikapasuka katikati. Nikaendelea! Ya saba nikakanyaga yale mabaki meusi yanayoweza kusababisha kuteleza.

Nilikwenda chini kwa makalio, miguu juu, soksi tatu na kipande cha sponji cha kijani vikichungulia mbele ya karakana nzima. Kofia ngumu ikanitoka, ikabingirika mpaka miguuni kwa Mzee Mapande. Kipimio sikukiachia. Nilikuwa nimekinyanyua juu kama mama aliyeanguka na mtoto. Salum akainama, akakisoma kabla mashine hazijazimwa.

"Tisini na nne," akasema.

Mzee Mapande alikuja kunishika mkono, akaniuliza kama nimeumia. Nikasema hapana. Nilikuwa nimeumia.

Mwalimu akaokota soli yangu, akaibonyeza kwa vidole, ikavunjika kama mkate wa juzi. Akawaeleza wote pale, mimi nikiwa bado chini, kwamba soli za namna hii zikikaa ghalani miaka mingi bila kuvaliwa, unyevu wa hewa unazila ndani kwa ndani. Kiatu kinaonekana kipya kwa sababu hakijavaliwa, na kinakufa kwa sababu hiyo hiyo. Ukikikunja kwa mkono unaona nyufa. "Kemia," akasema Salum. Hakuna aliyemuuliza.

Kisha mwalimu akaomba fomu yangu na kuisoma kwa sauti. Viatu: vizuri, imara. Sakafu: mabaki meusi. Chanzo: usafi duni wa karakana. Fundi mmoja akasema, bila hasira, kwamba yeye alifagia pale asubuhi.

Mngedhani imeisha. Mwalimu Pazi akafunga fomu, akawageukia wenzangu na kuwaambia kwamba leo tumepata bahati, tukio halisi la ajali kazini, kwa hiyo waandike ripoti ya pamoja, Salum aongoze, na itakuwa na alama. Wakanizunguka na kalamu. Watu niliowaazimisha madaftari! Mmoja akaniuliza kama nilikunywa chai asubuhi. Mwingine akapima urefu wa nilipotelezea kwa rula. Nikauliza kama na mimi nitapata alama. Mwalimu akafikiria, kweli alifikiria, halafu akasema majeruhi hawezi kuchunguza ajali yake mwenyewe. Ndivyo taratibu zilivyo. Halafu akanikumbusha, kwa upole, kwamba kipimo ambacho hakikupimwa hawezi kukipa alama.

Baada ya nusu saa wenzangu wakawa wamekwama. Ukweli wote wanao, ila sentensi hazisimami. Salum akanijia na karatasi, akanong'ona: "Haika, wewe una lugha nzuri. Hebu tuwekee sawa."

Nikaandika. Msiniulize kwa nini. Nimekaa juu ya boksi la spika, nimevaa ndala za Mzee Mapande, nikaandika jinsi nilivyoanguka, aya kwa aya, sababu za karibu na sababu za mbali, mpaka sehemu ya mapendekezo. Mwalimu Pazi akaisoma amesimama. Akasema katika miaka yake yote ya kufundisha hajasoma ripoti ya ajali iliyonyooka namna ile. Akampa Salum mkono. Wenzangu wote wamepita, mwezi ujao wanaenda kiwandani.

Nimerudi kwa miguu, Gerezani mpaka Kariakoo, na ndala za mwanaume. Shangazi alikuwa mlangoni mwa duka. Alinitazama miguuni kwa muda, akaingia ndani, akarudi na jora la kitenge, akaliweka kwenye kaunta mbele yangu. Na mimi nikaanza kukunja.

Kwa hiyo kesho mkipita Kariakoo mtanikuta, kuanzia saa mbili asubuhi. Atakayekuja kucheka anunue japo doti moja. Viatu hatuuzi.