Hereni za Ruth na Mashine ya Kahawa

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimemaliza! Hereni mbili za fedha, nimezigonga kwa nyundo yangu mwenyewe, Lucky mgongoni, mate yake yakinishukia shingoni. Meno yanamtoka, mwanangu masikini. Hereni ni za Ruth wa kwaya, sendofu yake, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, ni Jumamosi. Akipendeza nazo, wapambe wake wote wataagiza kwangu. Zikiwa na ukungu kama sasa, wataenda kwa Hilaria.

Hilaria! Jirani yetu hapa Masama. Naye anafua fedha, na ana mashine ya umeme ya kung'arishia: kipipa kinachozunguka chenyewe, ndani gololi za chuma, maji na tone la sabuni. Vito vinasuguana humo mpaka vinameta. Anaitaja hata kwenye maombi. Leo kaniuliza kwa huruma, eti mimi nang'arisha kwa majivu? Nikamwambia nina mtambo. Sina. Lakini kitu cha kuzunguka tu, ndicho kinishinde?

Jumanne, 7 Oktoba

Jibu lilikuwa bandani siku zote. Mashine ya mama mkwe ya kumenyea kahawa! Ina gurudumu kubwa la chuma, na analizungusha mwenyewe kwa mkono kila jioni. Bure! Watu wa mlimani wamekaa nayo miaka yote wasione kitu zaidi ya kahawa. Ilibidi aolewe mtu wa Chekereni kama mimi, kule bondeni kwenye mpunga, ndiyo wafunguliwe macho.

Kopo la siagi ninalo. Gololi nimezitoa kwenye gurudumu la nyuma la baiskeli ya Eliakim, mume wangu. Si zote, nimemwachia chache. Lucky nimemfunga mgongoni asije akameza. Sabuni: Hilaria anatia tone. Ubahili ule! Mimi nimetia ya unga, kikombe kizima. Nikatia hereni na maji, nikabana mfuniko kwa mpira wa tairi, kopo nikalikaza kwenye gurudumu la mashine.

Mama akauliza hicho ni nini. Nikasema ni uzito wa kurahisisha kazi. Akajaribu kuzungusha, akasema kweli imekuwa nyepesi. Masikini ya Mungu.

Jumatano, 8 Oktoba

Sina hamu ya kuandika.

Jana jioni povu lilisukuma mfuniko. Pah! Gololi zikaingia kwenye mashine pamoja na kahawa, ikalia kama mbuzi, ikakwama. Hereni zikazama kwenye pipa la kahawa iliyokwisha kumenywa. Mama akasimama na povu kwenye nyusi, akaniuliza polepole kama kwetu Chekereni kahawa huwa inafuliwa. Nikainama kufuta povu. Mkwe hajibiwi.

Kahawa ikishachumwa haisubiri kesho. Ile iliyobaki tukaibeba kwenye madebe mpaka wapi? Kwa Hilaria. Ana mashine ya kahawa pia! Watu wengine mapenzi yao yote yako kwenye vyuma. Akanipa pole, akampa Lucky ndizi. Pole ile ilikuwa na meno.

Leo asubuhi Eliakim amepeleka maziwa kwa baiskeli. Gurudumu la nyuma likamwachia mbele ya kanisa. Maziwa yote chini. Amerudi kwa miguu, akaniuliza kama najua lolote. Nikasema barabara ile mbovu mno.

Ijumaa, 10 Oktoba

Kahawa hukaa pipani mpaka utelezi wake uachie. Leo mama ameiosha, akazikuta hereni zote mbili. Nyeusi! Moja imepinda. Nililia, kidogo tu. Lucky akanipapasa uso kwa kiganja chenye uji, nikacheka. Nikainyoosha kwa koleo. Weusi ukagoma.

Mama akazifunga kwenye pindo la khanga, akatoka bila kuaga. Jioni karudi nazo zinawaka! Akasema Hilaria hakutaka chochote, ila nikipata nafasi nikamshukuru. Sijapata nafasi.

Jumamosi, 11 Oktoba

Ruth alikuwa malaika. Hereni zinacheza kila akigeuza shingo. Wapambe wakamzonga: nani katengeneza? Nikajisogeza, Lucky kifuani, tabasamu tayari. Mama akaniwahi. Akatangaza kwa sauti ya ibada kwamba mkono ni wa Mama Lucky, mng'aro ni wa Hilaria.

Wote wakaenda kwenye mng'aro. Washamba! Akabaki Stella peke yake, mdogo wake Ruth. Ameagiza pete kwangu. Kasema yeye anataka mkono, mng'aro ataupata kwa kupaka mafuta.

Jumatano, 15 Oktoba

Pete ya Stella tayari, ina ukungu. Eliakim kasema niipeleke tu kwa Hilaria. Mwanaume hana ndoto kabisa.

Nimekaa mlangoni namnyonyesha Lucky, namwangalia mama akitikisa maziwa kwenye kibuyu apate siagi. Anatikisa, anatikisa, asubuhi yote. Kibuyu kinene, cha mviringo, kizibo kinabana vizuri.

Kosa lilikuwa sabuni ya unga tu. Maziwa hayahitaji sabuni.

Na Eliakim ametia gololi mpya kwenye baiskeli. Nimezisikia zikizunguka. Laini kweli.