Moto wa Faustino na Jiko la Jeshi

Jumatatu, 9 Julai

Tumemzika kaka yangu Faustino asubuhi. Baridi ya Huambo ilikuwa ya kukata masikio. Padri kasema maneno mazuri, nusu sikuyasikia. Nilikuwa nahesabu vichwa. Mia na ushei! Wote watakaa matanga hadi Jumapili, na wote watakula.

Wazee wamenikabidhi moto wa uani. Ndiyo kazi ya mdogo wa marehemu: uwake siku zote saba, usizimike hata mara moja, mpaka majivu yafagiwe. Ukizimika, watu husema marehemu hakuwa na ndugu. Nimekubali. Lakini mimi Abilio nilipikia askari mia tatu kwa miaka sita. Kuniweka nichochee kuni tu ni kunidharau.

Ninalo jiko. La jeshi, la magurudumu, masufuria matatu makubwa yaliyojengewa ndani na bomba refu la moshi. Nililipata kwenye mnada wa kambi pamoja na sanduku la makopo ya chakula cha askari. Faustino ndiye aliyelivuta kwa trekta hadi kwangu, wala hakuuliza la nini. Sasa najua la nini. Kila aliyekuja kumlilia atakula kwa mkono wangu.

Jumanne, 10 Julai

Matairi yameoza yote. Vijana wanane wa kwaya wamelisukuma tangu saa mbili. Kwenye mteremko wa kanisa likaamua kwenda lenyewe. Likapita na ua wa jirani, likapita na kamba ya nguo, likasimama katikati ya wanaume waliokuwa wakicheza karata. Hakuna aliyeumia. Karata tatu hazijaonekana.

Shangazi Ngeve, anayeongoza wapishi kwenye kila msiba mtaani, kalitazama weee. Kauliza kama limekuja kutupika sisi. Wanawake wakacheka. Kwenye matanga! Kasema mwanamume kwenye jiko la msiba hajapata kumwona, na hana haja ya kuanza kumwona uzeeni. Nikamjibu kwamba vitani hapakuwa na mashangazi na watu walikula. Kanipa kisogo.

Shemeji Florinda, mjane, alikuwa mkekani, shuka jeusi kichwani. Kaliona jiko. Kavuta shuka hadi machoni. Afadhali angenitukana.

Alhamisi, 12 Julai

Ushindi! Nimeng'ang'ania mpaka nimeachiwa maharage ya mchana. Funji, ugali wetu wa mahindi, wamebaki nayo wenyewe, eti siwezi kuisonga. Sawa.

Makopo yamekuwa na shida kidogo. Karatasi zimebanduka, na kilichochorwa kwenye bati ni Kirusi. Nimewaambia mpishi wa jeshi hulijua kopo kwa kulitikisa. Nimetikisa ishirini mbele yao. Nyama tupu, nikasema. Nikatoboa, nikamimina kwenye maharage harakaharaka, maana moshi ulikuwa umenijaa machoni.

Nane yalikuwa nyama. Kumi na mawili yalikuwa maziwa mazito ya sukari, yamegeuka kahawia kwa uzee.

Chakula cha msiba hakikataliwi. Walikula wakitazamana. Kufikia alasiri foleni ya choo ilikuwa imefika barabarani. Shangazi Ngeve kaniondoa jikoni bila kupandisha sauti. Roho imeniuma. Nilitaka watu wakumbuke chakula cha Faustino. Watakikumbuka.

Ijumaa, 13 Julai

Sikukata tamaa. Moto wa uani unakula kuni kama hauna mwenyewe, na kuni zinaisha. Tanuri la jiko langu linakula theluthi tu. Basi leo nimechota moto wa Faustino kwa sepetu, kaa kwa kaa, nikauingiza humo. Nikafunga mlango. Nikafunga na tundu la hewa, kama tulivyofanya kambini adui asione moshi. Wazee wakauliza moto uko wapi. Nikagonga bati: umo humu, salama kuliko sisi. Wametikisa vichwa. Wivu.

Jumamosi, 14 Julai

Nimefungua mlango alfajiri. Baridi. Nimeingiza mkono kwenye majivu hadi kiwiko, nikapapasa pembe zote. Hakuna hata cheche.

Nimekaa chini. Miaka yote kaka yangu alinibeba. Mimi nimepewa moto wake siku saba, nimeuua siku ya tano.

Halafu nikatoa kiberiti. Nani angejua? Shangazi Ngeve alijua. Alikuwa nyuma yangu na ndoo ya maji. Nikangoja makelele. Akaenda kwenye jiko lao la mafiga, akarudi na kaa jekundu juu ya kigae.

"Jumatatu tuliwasha kwa kaa la moto wako," akasema. "Ni huohuo. Shika, na unyamaze."

Jumapili, 15 Julai

Majivu yamefagiwa. Mzee wa ukoo kanishukuru mbele ya watu kwa kulinda moto. Bora ningekaa kimya. Nilisimama! Nikaanza kueleza ubora wa tanuri, unene wa bati, namna linavyotunza joto. Shangazi Ngeve alikuwa anatazama miguu yake. Nikafika pa kusema, "Na jiko hili, kaka yangu Faustino ndiye—"

Sikuweza kumaliza. Nimelia mbele ya mtaa mzima, kilio cha siku saba kwa mara moja, nimeshikilia bomba la moshi. Shangazi Ngeve ndiye aliyenibandua.

Jumatano, 18 Julai

Habari kubwa! Kambi inapiga mnada tena Jumamosi. Kuna tanuri la mikate la jeshi. Mikate mia mbili kwa mkupuo! Arobaini ya Faustino hakuna atakayekosa mkate. Nimeshaandikisha jina.

Nimetoka mbio hata kofia sikuvaa. Nimepita kanisani, nimekata kona, nimefika mlangoni nikiita kwa sauti, "Faustino! Kaka, toka nikwambie jambo!"

Akatoka Shemeji Florinda.

Nilitaka ardhi inimeze. Nikasema samahani, nikageuka niende zangu.

"Abilio," akaniita. "Jambo gani?"

Nikasema si kitu, ni mambo yangu tu yale.

"Ingia unieleze mimi."

Nikaingia. Nikamweleza kwamba safari hii haiwezi kuharibika. Akavuta kiti akakaa kunisikiliza, shuka la msiba bado kichwani.