Viatu vya Kipa wa Kasongo

Jumamosi, 2 Agosti
Nimeamka na mpango. Papa Michel, rais wa timu yetu ya Kasongo, anatafuta mpiga picha wa kusafiri na timu hadi mjini Kindu. Hataki picha za magoli. Anataka picha za roho: wapinzani wakikumbatiana, mtu akimwinua mwenzake. Kesho tunacheza na Kabambare, Jumanne anachagua. Ni mimi au Nourdine. Nourdine wa picha za harusi! Mtu wa kuwaambia watu wacheke!

Lazima niende. Timu inakula sinia moja, inagombania nyama. Mimi, tangu mke wangu Emilienne arudi kwa mama yake kule Nyangwe, napika wali kidogo na bado unabaki. Alisema siku aliyolia nilimpiga picha kwanza, nikamuuliza baadaye. Picha yenyewe ilikuwa nzuri sana.

Jumapili, 3 Agosti
Nilipanga na beki wetu amwinue yeyote wa Kabambare atakayeanguka. Hakuna aliyeanguka. Akamwangusha mmoja ili amwinue. Kadi nyekundu! Akitoka, akaninyooshea kidole mbele ya uwanja mzima.

Tukafungwa. Halafu, muujiza! Chadrack, kipa wetu, ameketi chini, uso mikononi. Pitchou, yule yule aliyemfunga, anakuja, anapiga magoti, anamfungua kamba za viatu taratibu. Adui anamvua viatu aliyeshindwa! Nikapiga. Nikataka kulia, lakini hapakuwa na wa kunipiga picha.

Nimerudi kwa miguu. Pikipiki zilinipita na watu watatu watatu, wakiimba ingawa tumeshindwa.

Jumanne, 5 Agosti
Picha zimebandikwa katika ukumbi wa parokia. Chini ya yangu niliandika: Unyenyekevu wa Mshindi. Watu wakajaa mbele yake. Nikajisogeza nisifiwe. Wakaanza kucheka.

Papa Michel, akijifuta machozi, akauliza kama sijui kwamba Chadrack ni mjomba wa Pitchou. Mpwa alikuwa anachukua viatu vya mjomba wake! Kwa mila yetu ni haki yake kuchukua kitu cha mjomba, na mjomba hana la kusema. Chadrack naye akapaza sauti: "Nilifunga macho nisione namna viatu yangu inaenda!"

Haki hiyo naijua. Mimi mwenyewe niliondoka na jogoo wa mjomba wangu kule Lusangi. Ila sikuuliza nani ni nani. Mpiga picha haulizi, anabonyeza.

Amechaguliwa Nourdine. Picha yake: beki wetu wa kadi nyekundu akimpa maji yule aliyemwangusha. Ilitokea nyuma ya mgongo wangu. Sikula. Nyumba ilikuwa kimya hadi ikaniudhi.

Alhamisi, 7 Agosti
Mchana Nourdine amebisha hodi, na samaki kwenye majani. Akasema Kindu ni kazi ya watu wawili, Papa Michel amekubali, nifunge mzigo twende wote. Akaninyooshea mkono. Mpinzani wangu! Na uso wake ulikuwa na huruma ya kweli kabisa.

Nikamwambia asitikisike. Nikaweka kamera juu ya ndoo ijipige yenyewe, nikakimbilia nafasi yangu. Picha ikatoka giza. Nikamwomba arudie karibu na mlango. Arudie tena, apunguze meno. Arudie bila samaki.

Akaniambia: "Kaka, mimi nakuambia neno, wewe unaniambia mwangaza." Akaacha samaki mezani, akaenda. Nilifurahi sana kwamba alikuja. Sikumbuki kama nilimjibu kuhusu Kindu.

Ijumaa, 8 Agosti
Lori la timu limepita mbele ya nyumba yangu likiimba. Likapunguza mwendo, karibu kusimama. Nourdine alikuwa juu, amenyoosha mkono kuelekea kwangu, ananiita kwa jina, Hippolyte, Hippolyte. Nikampigia kelele abaki hivyo hivyo. Nikapiga. Nikapiga tena. Lori likaondoka.

Picha safi! Mkono wake, vumbi, na wengine wote wamekatwa vichwa. Kosa ni moja tu, nilikuwa karibu mno. Safari ijayo nitasimama mbali zaidi, ili watu wote waenee.