Ndege Ilipita Juu ya Msiba Wetu

Wenzangu wa uwanja wa ndege wa Nachingwea, leo nimeumbuka, tena ukweni. Nawaandikia kutoka Nandagala. Barua hii msomewe nyote mara moja, nisije nikaulizwa mmoja mmoja.

Baba mkwe amefariki alfajiri. Mnajua alikuwa mgonjwa, ndiyo maana niliomba ruhusa. Mwanawe Saidi, anayempikia bwana mmoja wa mradi wa karanga huko Dar es Salaam, alikuwa ameshapata nafasi kwenye ndege ya leo asubuhi aje kumwona. Wazee wakataka tuzike kabla ya adhuhuri. Mama mkwe akasema neno moja tu: "Saidi amwone baba yake uso."

Hapo nikafungua mdomo. (Mkwe msibani huchimba kaburi na kunyamaza. Hilo nalijua tangu nioe.)

"Tumsubiri," nikasema. "Dar es Salaam mpaka Nachingwea ni maili mia mbili na hamsini. Ndege inatumia saa mbili kasoro. Saa nne ameshatua."

Kaka yake mama mkwe, ambaye ndiye msemaji wa nyumba, akaniuliza, "Una hakika, mkwe?"

"Miaka mitatu napokea ndege hizo, mjomba." (Napokea mizigo. Mizigo sikuitaja.)

Wakakubali. Kaburi tayari, maiti ameshaoshwa, tumekaa mbele ya nyumba. Saa nne kasoro tukasikia mngurumo. Ndege ikapita juu yetu, chini chini, ikielekea Nachingwea. Watu wakasimama. Nami, Mungu anisamehe, nikainyooshea kidole: "Huyo, amefika." Mama mkwe akanishika mkono huku analia. Nikajiona mtu.

Saa sita, kimya. Saa nane, kimya. Ndipo nikaikumbuka barabara. Hesabu yangu iliishia pale uwanjani tunaposhushia mizigo. Kutoka hapo mpaka huku ni matope, malori yaliyozama, na mto uliojaa tangu juzi. (Mimi mwenyewe nilivushwa mgongoni mwa mtu. Nikasahau.) Watu wakaanza kunitazama. Mimi nikawa naitazama kofia yangu.

Baada ya alasiri shehe akasema tumemchelewesha marehemu vya kutosha. Tukazika.

Saidi ametokea saa kumi na moja, matope mpaka kiunoni, viatu mkononi. Angani saa mbili. Ardhini saa saba. Alitukuta tunanawa udongo mikononi, wala hakuuliza kitu.

"Niliwaona," akasema. "Dirishani. Niliona kanzu zimejaa mbele ya nyumba yetu, nikajua baba hayupo."

Mama mkwe akanigeukia mbele ya wote, kwa upole, na ule upole ndio ulionimaliza.

"Mkwe wangu, si ilipita hapa hapa, na wewe ukatuonyesha? Mbona hukuwaambia wamshushe?"

Nimepiga magoti, nimeomba radhi, na wamenisamehe. Lakini Saidi bado yuko makaburini peke yake, na mimi ndiye niliyemwahidi mama yake.

Kwa hiyo mkicheka, malizeni kabla sijarudi. Na mtu akiwauliza ndege ya Dar es Salaam inachukua muda gani, msimjibu mpaka awaambie kwao ni wapi.