Nilipanda Kichuguu, Nikashukia kwa Mama-Buko

Kraaaa! Ile sauti ingali mu masikio yangu. Leo nimepata haya, ba dada. Haya ya kuhama nayo muji!

Asubuhi mi na rafiki yangu Solange tulitoka Katuba mpaka Naviundu, pembeni ya muji, kutafuta uyoga mu pori. Njia ilikuwa pale, nyeupe, imenyooka. Lakini mi? Mi nilikuwa nimeangalia video za bale bantu ba mabuti ya bei, benye kuacha njia na kupita mu miiba, eti huko ndiko moyo unafunguka. Nilivaa hata patalo, ile suruali ya kaka yangu. (Mutoto wa Katuba amegeuka muvumbuzi!)

"Solange, njia ni ya bavivu. Tupite huku."

"Njia iko hapa, weye. Ilikanyagwa na bantu benye akili."

Akabaki pale, anatafuna karanga. Mi nikaingia mu majani. Mbigili. Siafu. Matope. Ndiyo hii banasifu? Muntu iko na njia muzuri, anaiacha kusudi akwaruzwe miguu, kisha anapiga picha ya mikwaruzo. Upuuzi!

Mara nikaona mulima wangu: kichuguu kirefu kupita nyumba. Nikapanda. Kule juu nikafungua mikono, nikaona dunia yote iko yangu. Nikapiga hatua moja mbele.

(Kila mutoto wa hapa anajua kama kichuguu kinakatwa upande wa nyuma, juu ya kufyatua matofali. Kila mutoto, isipokuwa muvumbuzi.)

Pwaa! Niko chini, mu shimo la udongo, matope mpaka ku kiuno. Nikajikokota pembeni, nikajipapasa. Patalo nzima. Asante Mungu!

"Ni nani iko mu shimo yangu?"

Nikainua macho. Mama mwenye jembe. Ule uso niliujua mu picha: mama ya Patrick! Patrick mwenye kutaka kunioa. Siku ya Mungu, Jumapili hii, ndiyo nilikuwa nipelekwe kwa huyu mama mara ya kwanza, aniangalie, aseme ndiyo ao hapana. Na mbele ya mama-buko, bibi-arusi hasimami kama muti. Nikapiga magoti haraka, kwa heshima yote.

Kraaaa! Patalo ikapasuka, toka kiuno mpaka goti.

"Mi ni mupita-njia tu, mama," nikasema, uso chini.

"Mupita-njia? Njia si iko kule!"

Na Solange (alisikia ile pwaa! yangu) akatokea juu ya kichuguu, karanga mu mudomo: "Mama, usimufukuze! Ni ule bibi-arusi wa Patrick!"

Mama akaangalia matope. Akaangalia patalo. Nikajua ndoa imekufa. Alikuwa amejifunga bikwembe bibili bya kitenge. Akafungua cha juu, akanitupia.

"Jifunge, binti yangu. Utanirudishia siku ya Mungu. Na upite ku njia!"

Musicheke, tafazali. Solange anatosha.

Nilipofika nyumba nikafunga mulango, nikajifunga vizuri kile kikwembe, nikapiga magoti polepole mbele ya kitanda. Nikategea sikio ile kraaaa.

Kimya.